Steringi gani huyu? Kurudi kwenye hadithi za mwanzo za Judge Dredd

Niseme mapema ili asiye na muda aende zake: *Judge Dredd: The Complete Case Files 01* ni kitabu kinene, bei yake haiumi ukilinganisha na unene wake, na karibu theluthi yake ni ya kurukwa. Kinunue.

Ukibaki, tuzungumze.

Kitabu kina kurasa zaidi ya 300, nyeusi na nyeupe, na kimekusanya visa vya Dredd vilivyotoka kwenye jarida la katuni la Uingereza liitwalo 2000 AD, kuanzia toleo la 2 la Machi 1977 mpaka toleo la 60. Jarida hilo hutoka kila wiki na halijafa mpaka leo. Toleo la 2000 lilitoka mwaka 2016. Walioliita 2000 AD mwaka 1977 walichagua mwaka ulioonekana uko mbali kabisa. Mwaka huo ukafika, ukapita, na jarida likabaki na jina lake.

Mimi Dredd nilimfahamu ameshazeeka. Nafanya kazi ya ulinzi ghalani huku Uingereza, zamu ya usiku, na ukishamaliza mzunguko wa kukagua milango unabaki na saa nyingi za kukaa macho. Mwenzangu wa lindo, Mwingereza anayekaribia kustaafu, ndiye aliyeanza kuniletea vitabu hivi kimoja kimoja, ila alianza na vya katikati, vile anavyoviona vizuri. Nikamzoea Dredd wa huko: mzee, mkavu, goti linauma, anaanza kuishuku sheria anayoisimamia. Nilipomwomba juzuu la kwanza akaguna. "La kwanza?" akasema, kama mtu uliyemwomba picha zake za shule ya msingi. Nikaenda kulinunua mwenyewe.

Kwa asiyemjua: mwaka ni 2099. Vita vya nyuklia vimegeuza sehemu kubwa ya Marekani kuwa jangwa lenye sumu, na watu wamesongamana kwenye miji mikubwa kupita kiasi. Mmojawapo ni Mega-City One. Uhalifu umezidi, mahakama zimeshindwa, kwa hiyo wakaundwa Majaji. Jaji anakukamata, anakusomea shitaka, anakuhukumu, na ikibidi anakuua, yote hapo hapo barabarani, pikipiki ikiwa bado inanguruma. Hakuna wakili. Hakuna rufaa. Dredd ndiye Jaji kuliko Majaji wote, na havui helmeti. Kingine kinachomtofautisha na mashujaa wengi wa katuni: muda wake unakwenda na wa msomaji. Mwaka ukipita kwetu, unapita na kwake. Aliyemsoma akiwa na miaka kumi mwaka 1977 sasa anakaribia sitini, na Dredd amezeeka naye sambamba.

Sasa huyu wa mwanzo ni nani? Hapo ndipo utamu wa kitabu ulipo, na hapo ndipo kinapoudhi. Hawa waliomtunga walikuwa bado hawajui.

Ukijua yaliyotokea nyuma ya pazia unaelewa. Pat Mills, mhariri aliyelianzisha jarida, alikuwa ametoka kuunda jingine lililoitwa Action, lililoondolewa sokoni mwaka 1976 baada ya magazeti kupiga kelele kwamba linafundisha watoto ukatili. Hadithi ya Dredd aliibuni John Wagner. Sura yake, yaani ile helmeti inayoficha uso mpaka puani, kinga kubwa za magoti, tai wa dhahabu begani, mnyororo wa zipu, aliichora Carlos Ezquerra, Mhispania. Halafu Wagner akajitoa kwa sababu ya mambo ya haki na malipo. Hadithi ya kwanza kuchapishwa ikaandikwa na Peter Harris na kuchorwa na kijana aliyeitwa Mike McMahon, aliyeambiwa aige mkono wa Ezquerra. Ezquerra alipoona mhusika aliyemchora yeye anazinduliwa na mkono wa mwingine, akakasirika akaondoka. Kwa hiyo Dredd alizaliwa, baba zake wote wawili hawapo.

Inaonekana. Kisa cha kwanza kina kurasa tano tu. Jambazi aitwaye Whitey amemuua Jaji, amejivika helmeti ya marehemu, anajiita Jaji Whitey. Genge lake limejificha kwenye Empire State Building, jumba ambalo mwaka 1977 watoto walilijua kama fahari ya New York, na hapa limekuwa gofu fupi katikati ya majengo yanayolifunika. Hicho kipande kimoja kinakueleza mji mzima bila maneno. Dredd anaingia peke yake, anamaliza kazi. Kisha hukumu: Whitey anapelekwa Devil's Island. Unatazamia kisiwa baharini, mawimbi, papa. Unafungua ukurasa wa mwisho unakuta ni kisiwa cha barabara, kile kipande cha zege katikati ya makutano, kimezungukwa na barabara kuu ambazo malori yanapita kwa kasi usiku na mchana bila kukoma. Hakuna ukuta wala mlinzi. Ukitaka kutoroka, vuka.

Nilicheka kwa sauti ghalani. Anayejaribu kuvuka barabara Ubungo saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezwa.

Lakini baada ya hapo vinakuja visa kadhaa vya kuvumilia. Mwandishi anabadilika, mchoraji anabadilika, na Dredd naye anabadilika kila wiki. Wiki hii ni mkali, wiki ijayo anatabasamu na kupiga soga. Kuna mama mmoja wa Kiitaliano, Maria, si mzazi wake, anayemfanyia usafi nyumbani na kumgombeza. Dredd anagombezwa! Toleo la 8 anavua helmeti, na uso wake umefunikwa na kibandiko kinachotangaza kwamba picha imezuiwa. Utani mzuri, na ni kama hapo ndipo walipogundua kwamba huo uso hautakiwi kuonekana kamwe. Filamu ya mwaka 1995 ilimvua helmeti, na mwenzangu wa lindo mpaka leo ukimtajia anageuka kutazama upande mwingine.

Binti yangu alikikuta kitabu mezani, akakifungua katikati kama kawaida yake. Ana miaka kumi na tatu. Akasoma kidogo, akaniita.

"Baba, huyu mwenye helmeti si ndiye steringi?"

"Ndiye."

"Mbona anamkamata mtu kwa kuuza katuni?"

"Sheria ya kwao imekataza."

"Kwa hiyo steringi akinikuta mimi na hiki kitabu ananifunga?"

Nikamwambia akalale, kesho shule.

Kisa alichokuwa anasoma ni cha toleo la 20: kuna mtu anawauzia watoto katuni kuukuu kwa magendo, kama mtu anayeuza dawa za kulevya. Na swali lake ndilo swali la kitabu kizima. Sisi tuliokua kwenye vibanda vya video tunajua steringi ni nani: hafi, na yuko upande wetu. Dredd hafi. Upande wake ndio shida. Kurasa za mwanzo zinamchora kama steringi kamili, mtoto amshangilie, halafu mji anaoulinda unaonekana wazi kuwa ni jehanamu ambayo yeye ni mmoja wa walioijenga. Mwenzangu anasema alipokuwa mtoto walimshangilia Dredd shuleni kama timu ya mpira, na utani aliuona ukubwani. Nadhani Mills alipata somo kutoka kwa Action: mhuni akipiga watu kwenye katuni wazazi wanalalamika, mvae sare, mpe beji, apige watu zaidi, hakuna anayelalamika. Utani huo una meno. Katika juzuu hili unaona waandishi wakiugundua polepole, wiki baada ya wiki, na wiki nyingine wakiusahau.

Wanausahau sana katika kisa kirefu cha kwanza, cha vita vya maroboti, matoleo ya 10 hadi 17. Wagner alikuwa amerudi, na kasi inaonekana mara moja. Roboti fundi seremala aitwaye Call-Me-Kenneth anaasi, anawachochea wenzake wauwe binadamu, mji unawaka. Ian Gibson anachora maroboti kwa raha isiyofichika. Kila roboti ana sura na tabia yake. Kama kisa cha vurugu, kinakwenda. Lakini mimi ni mtu wa Pangani, mji ambao watumwa walipakiwa majahazini, na siwezi kusoma habari za watumwa walioasi bila kuuliza nani anasimulia. Maroboti yanateswa, yanachomwa, yanachezewa, hadithi yenyewe inakiri hivyo. Kisha kiongozi wao anafanywa kichaa mwenye kiu ya damu ili tusimhurumie, na roboti mwema anakuwa Walter, anayewasaliti wenzake. Walter anapewa uhuru wake. Anaufanyia nini? Anakwenda kwa Dredd kuomba awe mtumishi wake wa nyumbani, kwa ulimi mzito wa kuchekesha usioweza kutamka R. Anabaki nasi kitabu chote, akibishana na Maria nani apige deki. Wapo wanaompenda Walter. Mimi kila akitokea nafunua ukurasa.

Karibu na hapo kuna kosa la aina hiyohiyo. Jaji mwanafunzi Giant, kijana mweusi, anatokea kwenye kisa cha chuo cha Majaji, matoleo ya 27 na 28. Ana ukoo na nyota wa Harlem Heroes, katuni nyingine ya jarida hilohilo, na wazo la kuunganisha hadithi mbili ni zuri. Kisa chenyewe ni kizuri pia, kwa mara ya kwanza tunajua Majaji wanachukuliwa wakiwa na miaka mitano na kufundishwa kwa miaka kumi na mitano. Ila mdomoni Giant amewekewa lugha ya mitaani ya Wamarekani weusi kama alivyoisikia Mwingereza kwenye televisheni.

Yanayobeba kitabu ni yale madogo. Kurasa tano, sita, wazo moja, basi. Humo mji unaanza kupumua. Katika toleo la 23 uvutaji sigara hadharani ni kosa, na wavutaji wana ukumbi wao, Smokatorium, wa kwenda kuvutia. Mwaka 1977 Waingereza walivuta kwenye mabasi, sinema na ofisini, kwa hiyo hiki kilikuwa kichekesho cha mambo yasiyowezekana. Julai 2007 marufuku ikaanza kutumika England, na leo ghalani kwetu wavutaji wanasimama kwenye kibanda cha plastiki nje ya geti, mvua ikiwapiga miguu. Nilimwonyesha mwenzangu kisa hicho. Yeye mwenyewe ni mteja wa kibanda hicho. Alisoma, akakohoa, akanirudishia.

Toleo la 25 lina mchezo wa maswali wa televisheni ya magendo ambao dau lake ni roho za watu. Kuna watu waliojifunika nyuso wanaowinda maroboti usiku, na hapo, afadhali, hadithi inajua wazi nani mbaya. Kuna genge la sokwe wanaovaa suti na kufanya ujambazi. Si vyote vimekomaa, lakini havikuchoshi, maana kibaya kikianza kimeshakwisha. Sisi tuliosoma Sani, tukamjua Ndumilakuwili na Lodi Lofa, tunaijua nguvu ya kisa kifupi kinachomaliza kazi na kukuachia uchungu kidogo mdomoni.

Kisha, toleo la 30. Kama una muda wa kusimama dukani na kusoma kisa kimoja tu kabla ya kutoa pesa, soma hiki. Kimeandikwa na Mills, kimechorwa na McMahon. Rico, ndugu yake Dredd, anarudi. Walifanana, walisoma chuo kimoja cha Majaji, na Rico alikuwa hodari kumzidi mwenzake. Baadaye akaingia kwenye rushwa na uhalifu, na aliyemkamata ni Dredd. Akafungwa miaka 20 Titan, mwezi wa Sayari ya Zohali, ambako wafungwa hupasuliwa na kutiwa mitambo mwilini ili waweze kufanya kazi nje bila kuhitaji hewa. Sasa amemaliza kifungo. Anaingia nyumbani kwa ndugu yake, na McMahon anatuonyesha uso: pale palipokuwa na pua na mdomo pamezibwa kwa vyuma. Macho bado ni ya mtu. Na sisi ambao hatujawahi kuuona uso wa Dredd tunatambua kwamba huu ndio ungekuwa wake.

Wanasimama kutoana roho. Rico ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi zamani, lakini miaka yote hiyo ameishi kwenye mvutano wa Titan. Mkono unachelewa kidogo tu. Hicho kidogo kinatosha. Mwishoni Dredd anaunyanyua mwili. Wanataka kumsaidia kubeba. Anakataa. Hatuoni chozi, hatuoni macho, helmeti iko palepale. McMahon amechora mgongo na mabega, na buti zile kubwa, na inatosha. Kisa kina kurasa chache kuliko fomu ya kuombea viza, na kila Dredd niliyemsoma baadaye, yule mzee mwenye goti bovu, ametoka humu. Anayesema juzuu la kwanza ni la kurukwa amesahau toleo la 30.

Baadaye kidogo, kuanzia toleo la 42, Dredd anahamishiwa mwezini, mji wa Luna-1, na kitabu kinashuka. Wamemvalisha kama sherifu wa filamu za kauboi, kuna mashindano ya Olimpiki, kuna vita inayopiganwa kama mechi. Nilisoma nusu usingizi. Kisichokusamehe kulala ni "The Oxygen Board", toleo la 57, kilichochorwa na Brian Bolland kwa mistari safi utadhani imekatwa na wembe. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo hewa ni ya kampuni, na ni ya kulipia. Usipolipa wanakata. Yaani LUKU, lakini mapafuni. Majambazi wanapanga wizi wao wa benki kwa akili nyingi, kila kitu kimehesabiwa, na kinachowamaliza si bastola ya Dredd bali ni bili. Hapo mwandishi hakuhitaji helmeti wala pikipiki. Angeweza kumwondoa Dredd kabisa na kisa kingesimama.

Kuhusu kitabu kama kitu cha kushika mkononi. Karatasi ni ya kawaida lakini si ile ya mwanzo. Mwenzangu anasema ile ya 1977 iliacha wino vidoleni, na hilo kwake ni sehemu ya raha, pamoja na kisahani cha plastiki cha kurusha kilichotolewa zawadi na toleo la kwanza, kwa bei ya peni nane. Herufi zinasomeka vizuri hata kwa tochi, nimejaribu. Tatizo ni kurasa za katikati, zile ambazo kwenye jarida zilikuwa pana na za rangi. Humu zimechapwa kwa kijivu. Rangi zikigeuzwa kijivu hazibaki na mpaka: moshi, ukuta na mtu vyote vinakuwa tope moja. Kwenye mbio za Mega-City 5000, matoleo ya 40 na 41, kuna mahali nililazimika kusogeza kitabu puani nijue ipi ni pikipiki ipi ni mtu aliyekanyagwa. Na kwa kuwa kitabu ni kinene, picha inayovuka kurasa mbili inaingia kwenye mkunjo wa gundi, unabaki kukisia.

Nani akinunue? Mpenzi wa katuni anayetaka kuona jinsi mhusika anavyotengenezwa na mikono mingi inayogombana, huyu atafurahi, na makosa yenyewe yatampa raha. Mtu anayetaka kujua kama Dredd ni wa kwake au si wa kwake asianzie ukurasa wa kwanza. Asome kisa cha Whitey kwa ajili ya ile barabara, aruke mpaka toleo la 20, asonge mbele mpaka Rico, kisha aruke mwezi wote isipokuwa bili ya hewa. Mtoto wa umri wa binti yangu anaweza kukisoma. Damu ni ya wino mweusi na vifo ni vya haraka. Ila jiandae kwa maswali. Wangu amekimaliza kabla yangu, na bado tunabishana kuhusu steringi.

Mkiamua kuendelea, juzuu la pili linaanza na safari ndefu ya mwaka 1978 ya kuvuka jangwa la sumu, iitwayo "The Cursed Earth". Angalieni hapo. Kuna sura zilizodhihaki mikahawa ya baga na kampuni za vyakula, zikaondolewa kwenye vitabu kwa miaka mingi kwa hofu ya kesi, na *Case Files* la pili halina sura hizo. Sheria ya Uingereza ilipolegezwa mwaka 2014 kuhusu mzaha wa namna hiyo, zikarudishwa katika toleo la peke yake la mwaka 2016, lenye neno *Uncensored* jaladani. Hilo ndilo nililoagiza.